Faini Umelipa, Kosa Limebaki

Mpwa wangu, konda wako alipita hapa na ujumbe wako. Umeitwa kituoni, umeonyeshwa orodha ya makosa yako kwenye mfumo, umeambiwa leseni inafungiwa, na sasa unataka mjomba wako ampigie simu yule afande tuliyefahamiana naye zamani ili mambo yaishe kimyakimya. Ujumbe nimeupata. Simu hiyo sitaipiga.

Najua utakasirika. Kasirika, lakini soma mpaka mwisho. Maneno haya nimekuambia kwa mdomo tangu ulipokuwa utingo wa Fuso, na kila mara ulikuwa unaitikia "sawa mjomba" huku macho yako yapo kwenye simu. Safari hii nayaandika, tena hadharani, kwa sababu si wewe peke yako. Wenzako wako stendi ya Maganzo, wako Kahama, wako Katoro na Nyarugusu wakiendesha michomoko iliyojaza watu mpaka kiti cha dereva. Huenda mmoja wao akasikia hata kama wewe utagoma.

Unasema trafiki wamekuandama. Hebu tuitazame hiyo orodha. Tochi Kolandoto. Tochi Tinde. Kuovateki palipochorwa mstari usiokatika. Abiria waliozidi. Tochi tena. Tairi lililokwisha. Hakuna hata moja kati ya hayo lililotungwa na mtu mwenye chuki na wewe. Ni wewe, gari lako, saa na mahali. Siku hizi Jeshi la Polisi lina mfumo ambao mtu akiandika namba ya gari au ya leseni anaona madeni ya faini yaliyopo. Zamani kosa la Misungwi lilibaki Misungwi, na dereva mtundu angeweza kuwa mgeni kila wilaya. Zama hizo zimepita. Kwenye mabasi makubwa, LATRA wamefunga vifaa vinavyotuma taarifa za mwendo gari likiwa safarini, na dereva anatakiwa ajitambulishe kwa kifaa chake kabla ya kuondoka, ili ijulikane ni nani aliyekanyaga mafuta. Kumbukumbu ipo, iwe unaipenda au huipendi.

Sasa nikuambie kinachonisikitisha. Hayo makosa yote umeyalipia. Umelipa kweli, namba ya malipo ikija kwenye simu unalipa na kuendelea na safari. Ukaniambia siku ile, tena kwa kujivuna, "Mjomba, mimi sidaiwi na serikali hata shilingi." Hapo ndipo nilipojua kwamba hatujaelewana.

Faini ya papo kwa papo ni shilingi 30,000 kwa kosa. Kwa mama anayeuza dengu pale Maganzo ni hela nyingi mno. Kwa bodaboda ilikuwa nyingi kiasi kwamba katika bajeti ya mwaka 2021/22 serikali iliishusha kwao na kwa bajaji mpaka 10,000. Kwako wewe, dereva wa Hiace inayojaa asubuhi na jioni, 30,000 ni abiria wachache tu. Umeiweka kwenye hesabu zako pamoja na mafuta na ushuru wa stendi. Ukikamatwa unalipa, na kwa kuwa umelipa unaona umepata ruhusa ya kurudia kesho. Faini umeigeuza nauli, baba. Unalipia kukimbia kama abiria anavyolipia kiti.

Ndiyo maana nchi nyingi zimeona faini peke yake haitoshi, zikaweka pointi. Uingereza dereva akifikisha pointi 12 ndani ya miaka mitatu, kwa kawaida mahakama humnyima haki ya kuendesha kwa muda usiopungua miezi sita. Aliyepata leseni karibuni ana mtihani mkali zaidi, kwani akifikisha pointi 6 ndani ya miaka miwili ya mwanzo leseni inafutwa na anaanza upya kama mwanafunzi. Kule Falme za Kiarabu, ambako vijana wetu wanatamani kwenda kuendesha magari ya watu, kikomo ni pointi 24. Kwetu, wakuu wa usalama barabarani wamekuwa wakizungumzia pointi kwenye leseni kwa miaka, na kila zinapotajwa nasikia madereva stendi wakipiga kelele kwamba ni njia nyingine ya kumnyonya mnyonge. Mimi naona kinyume chake. Pointi haichukui hela yako. Pointi ni adhabu pekee ambayo mwenye hela hawezi kuinunua. Mwenye V8 anayepita hapa kwa mwendo wa 140 akielekea Mwanza, faini ya 30,000 kwake ni maji ya kunywa njiani. Mwandikie pointi, halafu uone kama hatapunguza mwendo. Mbele ya pointi, yeye na wewe na bodaboda wa Mhunze mko sawa, kwa sababu kila mmoja ana leseni moja tu.

Na usiniambie kwamba hatuna pointi bado kwa hiyo haikuhusu. Kufungiwa leseni si jambo jipya. Sheria ya Usalama Barabarani ni ya mwaka 1973, na mahakama ina uwezo wa kumzuia mtu asiendeshe. Mara kwa mara tumesikia Kikosi cha Usalama Barabarani kikitangaza madereva wa mabasi waliofungiwa leseni kwa miezi kadhaa, kwa mwendo kasi na kwa kuovateki kwa hatari. Ulizisikia taarifa hizo redioni ukiwa umeshika usukani. Ulidhani zinawahusu watu wa njia ya Mbeya.

Sasa niseme jambo ambalo wengine hupenda kulifunika. Hiyo orodha uliyoonyeshwa haikutimia. Wewe unajua na mimi najua. Yapo makosa ambayo mlimalizana barabarani, noti ikakunjwa ndani ya kava la leseni, ukaambiwa pita. Siku hizo ulirudi nyumbani ukicheka kwamba umeokoa hela. Aliyepokea ana dhambi yake na sheria yake, na simtetei. Lakini angalia wewe ulichopoteza. Kama makosa yote yangeandikwa tangu mwanzo, ungeitwa mapema, ukiwa bado na machache, ukaonywa, ukajirekebisha. Kila mlipomalizana ulifuta onyo lililokuwa lako. Na hiyo simu unayotaka niipige ni kitu kilekile, tofauti yake ni kwamba badala ya noti unatumia mvi za mjomba wako. Mvi hizi sizitoi.

Utasema trafiki wanajificha vichakani na tochi. Wanajificha, nimewaona. Utasema kuna vibao vya 50 vilivyoanguka au vilivyofunikwa na majani, na kuna mahali kibao cha kumaliza hamsini hakipo kabisa. Hilo ni kweli, na kibao kikikosekana una haki ya kulieleza kituoni au mahakamani badala ya kulalamika kijiweni. Lakini mpwa wangu, pale Maganzo unahitaji kibao? Umezaliwa hapo nyuma ya stendi. Unajua kila njia ya mguu inayokuja kukutana na lami. Unajua watoto wanavuka saa ngapi kwenda shule na saa ngapi wanarudi. Unajua siku ya mnada ng'ombe wanapitishwa wapi. Unajua baiskeli zetu, maana Shinyanga ni mkoa wa baiskeli, mzee amefunga magunia mawili ya mkaa nyuma na hawezi kugeuza shingo kukutazama ukipiga honi. Unajua jioni mikokoteni inarudi kutoka shambani haina taa wala kiakisi mwanga. Mtu anayeyajua yote hayo, akapita hapo na mwendo wa 100, hawezi kusema kwamba hakuona kibao.

Nikupe hesabu ndogo, kwa kuwa hesabu unaipenda. Gari linalokwenda 50 kwa saa linapita mita kama 14 kila sekunde. Linalokwenda 100 linapita mita kama 28. Jicho lione mtoto, akili ielewe, mguu utoke kwenye mafuta uende kwenye breki, kwa dereva aliye macho sekunde moja huwa imekwisha, na kwa aliyepata usingizi wa saa nne tu usiku uliopita imekwisha zaidi ya moja. Yaani kabla breki haijashika umeshakula mita 28, kutoka mlango wa duka mpaka ng'ambo ya matuta. Na mwendo ukiongezeka mara mbili, nguvu ya kugonga haiongezeki mara mbili, inaongezeka mara nne. Shirika la Afya Duniani linasema ajali za barabarani zinaua watu wapatao milioni 1.19 kila mwaka, na ndizo zinazoongoza kuua watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29. Si malaria. Wewe mwenyewe uko ndani ya umri huo, na karibu kila unayembeba asubuhi kwenda Shinyanga mjini yuko ndani ya umri huo.

Mwezi Agosti mwaka 2022, huko Mwakata kwenye njia yako hiyohiyo ya kwenda Kahama, Hiace, lori na trekta viligongana. Watu wapatao 20 wakapoteza maisha. Siisemi ajali ile ili kuwahukumu madereva wake. Hayo yalikuwa na wachunguzi wake. Naikumbusha kwa sababu njia ile unaipita karibu kila siku. Kuanzia Tinde kwenda Isaka unachangia lami na malori ya Rwanda, Burundi na Kongo, na michomoko, na matrekta, na watu wanaotembea pembeni kwa sababu hakuna njia nyingine ya kutembea. Lami ni nyembamba. Ukitoka upande wako kumpita mtu, umeingia kwenye upande wa mtu mwingine, na yeye hana pa kwenda.

Ninachoshindwa kukielewa ni hiki. Mimi nimekula mshahara wa mgodi, nimeendesha malori ya mawe ndani ya uzio mpaka nikastaafu. Hapa Mwadui, tangu enzi za Williamson aliyegundua almasi mwaka 1940, mtu anajua maana ya geti. Ndani ya uzio, kama ilivyo kwenye migodi mikubwa ya Geita na Bulyanhulu, dereva hana mzaha. Mkanda unafungwa kabla ya kuwasha gari. Mwendo ulioandikwa ndio unaokwenda, hata kama barabara ni nyeupe na hakuna mtu. Leseni ya serikali pekee haitoshi, lazima uwe na kibali cha kuendesha ndani, na ukivunja masharti kibali kinachukuliwa, na hakuna noti inayokirudisha. Nimewaona watu wazima, wenye familia, wakitembea kwa miguu kwenda karakana wiki nzima kwa sababu ya kupita kibao cha kusimama. Hawakumchukia mtu. Waliporudishiwa kibali walisimama kwenye kile kibao.

Halafu watu haohao, saa ya kutoka ikifika, wakivuka geti wanafungua mkanda. Wanapanda pikipiki bila kofia, watatu. Wanaingia kwenye mchomoko wa watu tisa na kumwambia dereva "kanyaga, tunachelewa". Ina maana utii wao ulikuwa wa kuogopa kupoteza kazi, si wa kuthamini roho. Jiwe la mgodi limelindwa kwa uzio, mbwa na kamera. Mtoto anayevuka Maganzo halindwi na chochote isipokuwa mguu wako. Nimelifikiria jambo hili miaka mingi na bado linaniumiza.

Najua pia shida yako. Sijasahau dunia ilivyo. Tajiri anataka hesabu yake kila jioni, iwe mvua, iwe jua, gari likikaa gereji anataka hesabu, ukikamatwa faini ni yako si yake. Hesabu ikishapangwa juu, dereva hana namna ila kuongeza tripu, na tripu haiongezeki ila kwa kupunguza muda wa njiani au muda wa kulala. Hilo nalijua, na ninalilaani. Lakini tajiri hakufungiwa leseni. Tajiri kesho asubuhi atampa funguo kijana mwingine, na hata jina lako hatalitaja. Leseni ina jina lako na picha yako. Uliilipia 70,000 TRA kwa miaka mitano, ukaisotea chuoni, ukapanda daraja moja baada ya jingine mpaka ukaruhusiwa kubeba watu. Iweje umkabidhi mtu mwingine mamlaka ya kuiharibu kwa ajili ya hesabu ya siku moja?

Kuna jambo dada yangu, mama yako, hakutaka nikuambie. Nitamwomba msamaha, lakini nalisema. Siku za kliniki anapokwenda hospitali ya Kolandoto, anatoka nyumbani mapema, anasimama upande wa pili wa barabara, anasubiri gari jingine. Ulidhani anaona aibu kupanda bure na kukupunguzia nafasi. Sivyo. Anaogopa kupanda gari la mwanawe. Mara ya mwisho uliyombeba, alishika kile chuma cha kiti cha mbele kuanzia Maganzo mpaka anashuka, na aliposhuka vidole vilikuwa haviwezi kukunjuka. Hakukuambia kitu. Alikuambia tu "Mungu akubariki baba, safari njema", akaingia ndani. Makosa uliyoonyeshwa kituoni ni yale yaliyoonwa na tochi. Hili halikuandikwa popote.

Wapo watu ukoo huu wanaosema wewe ni la kuvunda, halina ubani. Mimi sijafika huko. Ningekuwa nimefika, ningepiga ile simu, nikakuondoa machoni, ukaendelea mpaka siku ya kuja kukuchukua mochwari ya Shinyanga au kukupelekea chakula gerezani. Kukataa kwangu ndiyo heshima niliyobaki nayo ya kukupa.

Kwa hiyo usitafute njia ya mlango wa nyuma. Usinunue leseni nyingine kwa jina jingine. Nasikia wapo wanaowashawishi vijana hivyo, na hiyo ni jinai iliyo nzito kuliko tochi zako zote. Usiendeshe kwa siri usiku kwa kudhani trafiki wamelala, maana ukigonga mtu leseni ikiwa imefungwa, hakuna wakili wala bima itakayokusimamia. Gari mrudishie tajiri kwa amani na mweleze ukweli. Kama kuna kosa kwenye orodha ambalo kweli si lako, siku ile gari aliendesha mwingine, liseme kwa adabu na ulete ushahidi; hiyo ni haki yako na nitakuunga mkono hadharani. Yaliyo yako yakubali.

Miezi hiyo ya kukaa bila usukani usiipitishe kijiweni ukisimulia jinsi ulivyoonewa. Nenda VETA pale Shinyanga uulizie kozi ya madereva wa abiria, urudi darasani kwa hiari yako kabla hujalazimishwa. Shamba la mama yako linahitaji mtu, pamba inataka kupaliliwa na choroko haziwezi kujivuna. Na ukitaka kwenda mjini, panda Hiace za wenzako, ukae kiti cha nyuma kabisa, dirishani. Dereva akianza kuovateki mlimani, utazame nyuso za waliokaa na wewe. Hukuwahi kuziona nyuso hizo. Ulikuwa umezipa kisogo.

Ninyi matajiri wenye magari hapa Kishapu na Kahama, nanyi nina neno kwenu, kwa kuwa gazeti hili linasomwa mpaka dukani kwenu. Hesabu ambayo haifikiki ila kwa mwendo wa 100 penye makazi, mnajua ni hesabu ya namna gani. Ishusheni. Dereva akija na orodha ya tochi, msimpe hela ya faini na kumpigapiga begani; mpumzisheni, mwulizeni alilala saa ngapi.

Na wewe mpwa wangu, Ijumaa njoo nyumbani asubuhi. Tutakula, nitavaa kanzu yangu, na tutakwenda wote kituoni ukakabidhi leseni kwa mkono wako mwenyewe. Siendi kukuombea. Nakusindikiza.